Pesa taslimu, bondi au "ni kweli": njia za kumtoa mtu ndani Mombasa

Hakimu husema sentensi moja tu: "Bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au pesa taslimu shilingi 50,000." Kabla hamjaielewa, karani ameshaita jina la mtu mwingine. Kijana wenu ameshashushwa kwenye selo ya mahakama, na nyinyi mko barazani mwaulizana: ni laki mbili au ni elfu hamsini? Mmoja asema zote. Mwingine asema hapana, ni laki mbili ukichelewa.

Si zote wala si kuchelewa. Ni lile neno "au". Hakimu amewapa milango miwili mchague mmoja, na hakuna atakayekaa chini awaeleze tofauti yake. Mimi si wakili. Ni mama wa Majengo tu niliyesimama kwenye baraza hilo mara tatu: kwa mpwa wangu, kwa jirani, na kwa kijana mmoja ambaye sikupaswa kumdhamini. Niliyojifunza ni haya.

Kabla ya korti: dhamana ya polisi

Wengi hufikiri dhamana huanza kortini. La. Kwa makosa madogo, mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia mtu kwa dhamana ya polisi usiku ule ule, kwa pesa au kwa kuandikisha ahadi tu, ili aje kortini mwenyewe siku iliyopangwa. Mtu akishikwa kwa ugomvi wa mtaani au kelele za ulevi, mlango huu ndio bora kuliko yote, kwa sababu analala kwake na wala hapandi gari la magereza.

Kuna mambo mawili ya kushikilia hapo kituoni, iwe ni Central, Makupa, Nyali au ng'ambo Likoni. Ulizia nambari ya OB, yaani kile kitabu kinachoandikiwa kila tukio. Na ukitoa pesa, udai risiti. Fomu ya dhamana haiuzwi, na pesa ya dhamana ni amana, inarudi. Kuna kituo kimoja tuliambiwa "mtandao umelala, risiti mje kesho." Tulikaa kwenye benchi na thermos yetu ya chai mpaka saa tano usiku, na mtandao ukaamka. Pesa isiyo na risiti usiiite dhamana.

Ikiwa kituo kimekataa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyeshikwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Lakini soma mpaka mwisho wa kifungu: saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kushikwa Ijumaa jioni kunauma. Mtu aweza kukaa mpaka Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa, na familia ikabaki kupiga kelele bure kwenye kaunta badala ya kuomba dhamana ya polisi kwa upole tangu Ijumaa ile ile.

Na akiwa ndani, mwambieni jambo moja: ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuzungumza na wakili au mtu wa kumsaidia. Kukiri kituoni hakuna uzito wowote kortini isipokuwa kumefanywa mbele ya hakimu, jaji, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si yeye anayechunguza kesi, tena na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwepo. Vijana wengi hawajui. Husema ili walale.

Pesa taslimu na bondi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosea kwa sababu ya haraka.

Pesa taslimu ni ya leo. Karani anawaelekeza namna ya kulipa, mnapata risiti, hati ya kuachiliwa inatiwa sahihi, kijana anatoka. Ila iwahini mapema. Alasiri gari la magereza hubeba wote waliobaki kuelekea gereza la Shimo la Tewa, kule Shanzu. Likishaondoka, ile hati ya kuachiliwa lazima imfuate huko, na huenda kukapambazuka. Kwa mpwa wangu tulikuwa na elfu arubaini na nne mkononi saa nane mchana, tukihangaika na elfu sita zilizobaki. Tulizipata saa kumi na robo. Alilala Shimo.

Bondi haikulazimu kuweka pesa kortini hata senti, lakini inachukua siku. Mdhamini anataka karatasi: kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), picha za pasipoti, na kitu chenye thamani inayofika kiasi alichosema hakimu. Kikiwa shamba au nyumba, ni hati miliki yenyewe, si kopi, pamoja na cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi kuonyesha jina ni lako na hakuna deni juu yake, na mara nyingi ripoti ya mthamini. Kikiwa gari, ni logbook, yaani kitabu cha gari, pamoja na rekodi ya umiliki. Mwenye kazi ya mshahara huweza kukubaliwa kwa stakabadhi za malipo ya miezi ya karibuni na barua ya mwajiri. Kisha mdhamini husimamishwa mbele ya korti, aulizwe anamjuaje mshtakiwa, anaishi wapi, anaelewa nini kitampata akitoroka. Upande wa mashtaka una haki ya kumkagua. Ikienda vizuri ni siku mbili tatu. Isipoenda vizuri ni wiki, na siku zote hizo mtu wenu yuko rumande. Na upekuzi na mthamini vyote ni gharama ambayo hairudi.

Sasa jambo letu la Pwani ambalo watu wa bara hawalijui. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mabati ni yako, umezaa na umezika humo, lakini chini ni ya mtu mwingine ambaye pengine hujamwona maishani. Kortini nyumba hiyo si kitu. Jirani yangu alikuja na makubaliano ya kununua nyumba ya vyumba sita Kisauni, yamefungwa vizuri ndani ya nailoni, yana dole gumba la muuzaji na sahihi za mashahidi wanne. Karani aliyafungua, akayasoma yote kwa heshima, akayakunja kama yalivyokuwa akamrudishia. "Mama, hii ni nyumba. Mimi nataka ardhi." Shida ya pili inafanana: hati ipo, tena nzuri, lakini jina ni la babu aliyefariki na mirathi haijafanywa. Maiti hadhamini mtu. Kabla hamjasema mtachukua bondi, fungueni hilo sanduku mwangalie jina.

Basi ni ipi? Angalieni kesi itachukua muda gani, na pesa hiyo ni ya nani. Kesi za Mombasa zinaweza kutajwa na kuahirishwa miaka miwili na zaidi, na elfu hamsini zenu zitakaa kortini muda wote huo bila riba. Kama ni akiba iliyolala, sawa, zitalala kwengine. Kama ni mkopo wa simu au pesa ya chama, fanyeni hesabu: riba ya miezi mitatu ya zile programu za mkopo yaweza kuzidi gharama ya upekuzi na mthamini kwa pamoja. Mimi nimeona familia ikilipa mkopo wa dhamana baada ya kesi yenyewe kuisha. Wenye hati safi na mtu wa kuaminika, kwa kesi nzito ya kuchukua miaka, bondi ndiyo yenye akili, hata kama kijana atakaa Shimo siku tatu za mwanzo akilaumu. Kesi nyepesi, au mtu mgonjwa, au mwenye mtihani wiki hii, lipeni taslimu.

Pia mnaweza kuanza na moja mkamalizia na nyingine. Mtoeni leo kwa taslimu, kisha mdhamini akiwa tayari mwombe hakimu abadilishe masharti. Si lazima akubali, lakini kuomba hakukatazwi, na wengi hawajui kuwa linaombwa.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye hatari. Mtu akitoroka uliyemwekea pesa, pesa imekwenda, basi. Huzuni, lakini unajua mwisho wake. Akitoroka uliyemdhamini, wewe ndiye unaitwa kortini ueleze kwa nini usilipe zile laki mbili. Ukishindwa, mali yako hukamatwa na kuuzwa, na isipotosha sheria yaruhusu ufungwe hadi miezi sita. Kufungwa wewe, si yeye. Na muda wote kesi inaendelea hati yako imeshikiliwa na korti: huwezi kuuza, huwezi kukopea.

Ndipo naja kwa yule wa tatu. Alikuwa kijana wa rafiki yangu, kosa la wizi. Mume wangu ana kiwanja kidogo Mtwapa chenye hati, nikamshawishi. Miezi minne ya kwanza kijana alihudhuria kama saa. Mwezi wa tano simu ikawa haipokelewi, mara yuko Malindi, mara yuko Lunga Lunga. Lunga Lunga! Pale ni hatua chache uko Tanzania. Sikungoja. Mdhamini ana haki ya kwenda kortini kuomba kujitoa, nami nikaenda. Alitolewa amri ya kukamatwa, akapatikana, akarudishwa rumande mpaka alipopata mdhamini mwingine. Mamake hanisalimii mpaka leo. Kiwanja kipo.

Na jihadharini na wadhamini wa kukodi. Utawakuta nje, wamevaa vizuri, logbook ziko kwenye bahasha, wataka elfu kumi "ya usumbufu". Pesa hiyo hairudi kesi ikiisha, na karatasi ikigunduliwa ni ya bandia mtakuwa mmefungua kesi ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Bondi ya kujidhamini, ambayo haiombwi

Kuna mlango wa tatu ambao hakimu hautaji mara nyingi kwa kuwa hakuna aliyeuomba: mshtakiwa kuachiliwa kwa ahadi yake mwenyewe, bila pesa na bila mdhamini. Watu huita bondi ya bure. Inafaa kwa kosa dogo, kwa mwanafunzi, kwa mama mwenye mtoto anayenyonya, kwa mtu ambaye kila mtu mtaani anajua akitafutwa atapatikana wapi. Wakati wa kuuomba ni pale pale baada ya kukana shtaka, kabla hakimu hajataja kiasi. Aseme anakoishi, tangu lini, anafanya kazi gani, anategemewa na nani. Korti yaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huja mtaani kuuliza. Mpokeeni vizuri, mpeni kiti.

Katiba pia inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Uliza kosa linabeba adhabu gani. Swali hilo moja lilimtoa mtu wa jirani yangu siku ile ile, baada ya makubaliano ya nyumba ya Kisauni kukataliwa.

Na masharti yakiwa makubwa mno? Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inasema dhamana isipite kiasi, na Mahakama Kuu inaweza kuipunguza. Anzeni kwa hakimu yule yule. Hata mwenye kesi ya mauaji anaweza kuomba dhamana nchini Kenya tangu Katiba ya 2010. Anayepinga ndiye anatakiwa kuonyesha sababu nzito, mfano kuwatisha mashahidi.

"Ni kweli"

Sasa ule mlango unaoonekana rahisi kuliko yote. Asubuhi kabla ya korti kuanza, atatokea mtu, pengine mwenye nia njema, awanong'oneze: "Mwambieni aseme ni kweli, apigwe faini ya elfu tano, mwende nyumbani." Ukiweka elfu tano kando ya elfu hamsini, nani asiyejua hesabu?

Lakini elfu hamsini inarudi. Elfu tano hairudi, na ina mkia. Aliyesema "ni kweli" hawezi kukata rufaa kupinga kuwa na hatia. Anaweza kulalamikia adhabu tu. Na rekodi inabaki. Katika mji huu ambako kila nyumba ina mtu anayetafuta kazi Saudia, Qatar, melini au ulinzi, cheti cha tabia njema cha polisi ni kama pasipoti ya pili. Dada mmoja wa mtaani kwetu alikubali kosa la kupigana ili awahi kumnyonyesha mtoto. Miaka mitatu baadaye ajenti alimrudishia faili yake. Alikuwa ameshalipia vipimo vya hospitali.

Kama kweli amefanya na ushahidi upo, kukubali kuna heshima yake na kunapunguza adhabu. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza hata kutoa kazi ya kuhudumia jamii badala ya jela. Kuna pia makubaliano rasmi na upande wa mashtaka, ambapo shtaka hupunguzwa. Hayo yafanywe na wakili. Ninachopinga ni kukubali kwa sababu ya njaa ya kwenda nyumbani.

Sikilizeni pia namna anavyokubali. Tangu uamuzi wa kesi ya Adan mwaka 1973, utaratibu ni kwamba shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni wa bure. Aulizwe, kisha maelezo ya tukio yasomwe, na apewe nafasi ya kuyapinga. Akisema, "Ni kweli nilimpiga, lakini alikuja na panga nyumbani kwangu," huyo hajakubali. Huyo amejitetea, na hakimu apaswa kuandika kuwa amekana. Mpwa wangu alisema hasa sentensi ya namna hiyo, na ilikuwa karibu impite karani. Hakimu ndiye aliyeinua kichwa akauliza, "Lakini nini?"

Wakili

Hapa nitakuwa mfupi. Kwa kesi ya mauaji, serikali hukulipia wakili. Kwa nyingine, Katiba inasema utapewa wakili wa serikali pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016; lakini usikae ukingoja, uliza mwenyewe kortini na katika mashirika kama Kituo cha Sheria na Muhuri, ambayo yako hapa Mombasa. Kama mna pesa ya wakili kwa siku chache tu, mimi ningemtumia siku ya kwanza ya shtaka na dhamana, kisha siku ya mashahidi wakuu. Siku za kesi kutajwa tu, bila kusikizwa, mtu anaweza kusimama mwenyewe, bora afike saa mbili unusu na si saa tatu. Na aombe mapema nakala za taarifa za mashahidi. Ni haki yake kuujua ushahidi kabla ya kusikizwa.

Mkikosa njia zote, rumande ya Shimo nayo huhesabiwa: mtu akifungwa, hakimu anatakiwa kuzingatia muda aliokwisha kukaa ndani. Ni faraja ndogo, lakini mkumbusheni hakimu siku ya hukumu, kwani husahaulika.

Mpwa wangu tulimtoa kwa taslimu, elfu hamsini za chama cha akina mama ishirini. Kesi ilichukua miaka miwili na miezi minne, akaachiliwa. Tukaenda kudai pesa na risiti yetu ya asili, niliyokuwa nimeiweka ndani ya msahafu isipotee. Karani akaiangalia, akaangalia kitambulisho changu. Risiti iliandikwa Mwanaisha. Kitambulisho kinasema Mwanaesha. Herufi moja, na pesa za wanawake ishirini zikakaa miezi miwili zaidi, mpaka nikaapa hati ya kiapo kwa wakili kuwa hao wawili ni mimi mmoja. Siku ya kulipa dhamana, kabla hujaondoka dirishani, soma jina lako kwa sauti, herufi kwa herufi, hata kama foleni nyuma yako inaguna.